Kutoa injekta na kufunga kabureta kwenye pickup ya 22R-E, kwa anayeanza

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile. Kila baada ya siku mbili tatu mtu anafika hapa Makorora, Tanga, na pickup imevutwa kwa kamba toka Pongwe au Amboni, hata salamu haijaisha ananiambia "fundi nitolee hili dude la umeme niwekee kabureta nipumzike", yaani zile injekta zinazopuliza mafuta kwa umeme. Sawa, inawezekana, nimeshazifunga nyingi tu. Ila wengi wanaoanza wenyewe nyumbani wanarudi wiki ya pili wanalia kabureta mbovu, na ukifungua kabureta haina kosa lolote. Tatizo linakuwa kwenye moja ya haya matatu: presha ya mafuta, hewa ya wizi (ile inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye kabureta, kwa hiyo haikuchanganywa na mafuta), au taimingi (wakati plagi inaporusha moto). Shika hayo matatu, kabureta yenyewe ni kazi ya jioni moja.

Mfano nautumia 22R-E ya Toyota, ile injini ya cc 2366, silinda nne, kamshafti moja juu, kwa sababu ndugu yake 22R ilitoka kiwandani na kabureta, kwa hiyo manifoldi, distributa na pampu vyote vipo na vinaingia bila kuchomelea kitu. Wa 3Y-E au 2RZ-E mpangilio wa kazi ni huuhuu, ila spea tafuta za injini yako. Na kama gari yako ni automatiki inayobadilisha gia kwa kontroli boksi (kompyuta ya injini), ishia hapahapa, ukitoa boksi na gia zimekwenda.

Kabla hujashika spana

Una uhakika injekta ndiyo mbovu? Sisi wa Tanga tunakaa na chumvi ya bahari, na chumvi haina urafiki na soketi za umeme. Kuna jamaa wa Mwambani anabeba samaki, maji ya barafu yanamwagikia kila mahali, alikuja na kabureta yake kabisa kwenye mfuko wa rambo. Nikamwambia subiri kidogo. Kwenye 22R-E ethi za kontroli boksi zimefungwa pale kwenye manifoldi ya hewa, nikazifungua, terminali zote zina kutu ya kijani kama ukungu wa mkate. Msasa dakika tano, nikarudisha, gari ikawaka stata moja. Kabureta akaondoka nayo mfukoni.

Kwa hiyo anza na ethi, fyuzi, soketi za sensa, na mpira mkubwa wa hewa kati ya mita ya hewa na trotoli, ule ukichanika hata kidogo injini haitulii. Afu tafuta ile soketi ya kukagulia ndani ya boneti, unganisha T (zingine imeandikwa TE1) na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kustata, taa ya injini itapepesa, hesabu. Ikipepesa mfululizo bila kukatika boksi halijaona kosa. Ikihesabu namba, tafuta hiyo namba inahusu sensa gani ubadilishe hiyo tu. Hii haikugharimu kitu.

Nikuambie na cha kupoteza. Kabureta inakula mafuta zaidi, asubuhi inataka choki, na ukiwa unapanda mlima inabidi uijue tabia yake. Faida yake ni kwamba popote utakapoharibikiwa, hata ndani huko kwenye mashamba ya mkonge, fundi mwenye bisibisi anaweza kukutoa. Ukiona inakufaa, twende.

Vitu vya kuwa navyo

- Manifoldi ya hewa ya 22R, ya mtumba ni sawa, iweke juu ya kioo uone kama imepinda
- Kabureta: Aisan ya asili, au Weber 32/36 na bamba zake za kuunganishia
- Distributa ya 22R pamoja na koili na igniter yake, chukua vyote toka gari moja
- Pampu ya mafuta ya mekanika ya 22R na ile kamu yake inayokaa mbele ya gia ya kamshafti, AU pampu ya umeme ya presha ndogo ya kabureta
- Gasketi mpya za manifoldi, pampu na kabureta, na ripea kiti ya kabureta
- Mpira wa mafuta mpya, klampu, chujio la mafuta, mpira wa vakyumu wa saizi mbili tatu
- Taa ya taimingi, fila geji, mita ya umeme
- Tepu ya karatasi na kalamu
- Mtungi wa kuzimia moto. Huna, ndoo mbili za mchanga. Maji hapana.

Ukinunua Aisan ya mtumba, kabla hujalipa shika spindo ya trotoli uitikise juu na chini. Ikicheza inaingiza hewa pembeni na hakuna tyuni itakayokuokoa, irudishe mezani kwa mwenyewe.

Na muda: hii kazi sio ya waja leo waondoka leo. Panga siku mbili, ya kwanza kutoa na kufunga, ya pili kuwasha na kutyuni ukiwa na akili imetulia.

Hatua

1. Toa presha. Mfumo wa injekta una kama bar 2.5 ndani ya paipu hata gari ikiwa imezimwa. Injini ikiwa bado inawaka, chomoa fyuzi au relei ya pampu iachie mpaka izime yenyewe. Kama haiwaki, funika bolti ya paipu ya mafuta kwa kitambaa kinene na ulegeze robo robo. Halafu toa terminali hasi ya betri. Sigara mbali, jiko la mkaa la mama ntilie jirani mbali pia, mvuke wa petroli unatambaa chini kwa chini.

2. Piga picha, weka alama. Kila waya na kila mpira andika kwenye tepu kabla hujachomoa. Na usikate waya hata mmoja! Vijana wanakuja na koleo wanakata wayaringi nzima eti haihitajiki, ndani mle kuna waya za geji ya temperecha, taa ya oili, chaji na stata. Chomoa soketi, kunja, funga na tepu, ficha pembeni.

3. Mwaga maji ya rejeta, toa mzigo wa juu. Mita ya hewa, mpira wake, trotoli bodi, manifoldi ya juu, reli ya injekta na injekta zake, kisha manifoldi ya chini. Bolti za chini zinasumbua kufikia, tumia eksitensheni na uvumilivu. Bolti zote kaa nazo kwenye boksi kwa mpangilio maana urefu unatofautiana.

Manifoldi ikitoka tu, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi. Nati ikidondokea mle utatoa hedi, mimi iliwahi kunitokea kwa washa moja, siku mbili za kazi zikaenda bure.

4. Safisha uso wa hedi. Kwangua gasketi ya zamani kwa kisu butu, usichimbe alumini. Kisha weka gasketi ya 22R juu ya hedi ikiwa kavu, bila gundi, angalia kama inafunika kila tundu la hewa na la maji. Kwenye hedi ya 22R-E kuna vijichongo vya injekta juu ya matundu ya hewa, gasketi na uso wa manifoldi lazima vivifunike kabisa, pakibaki hata upenyo wa unywele hapo ndipo hewa ya wizi itakapopita.

5. Funga manifoldi. Anzia bolti za kati ukitoka nje, kwa awamu tatu, mwisho kama Nm 20. Usijitundike kwenye spana, alumini inakatika uzi. Rudisha mipira ya maji, na matundu yote ya sensa yaliyobaki wazi yazibe kwa plagi ya uzi. Sio kipande cha mti, sio sabuni. Mpira wa busta ya breki unaunganishwa kwenye manifoldi, huu usiusahau hata kidogo, ukiusahau utakanyaga breki ngumu kama jiwe.

6. Mafuta. Hapa soma mara mbili.

Injekta inataka kama bar 2.5. Kabureta inataka kama bar 0.2 tu, yaani zaidi ya mara kumi pungufu. Ndani ya kabureta kuna boya na sindano ndogo inayofunga njia bakuli likijaa. Ukiacha pampu ya injekta inasukuma, ile sindano haina ubavu wa kuizuia, petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Mwaka wangu wa kwanza nilimwachia mteja pampu yake ya zamani, nikabana mpira kwa klampu nikasema nimepunguza presha. Kufika kona ya pili tukasikia harufu, kufungua boneti kabureta inachuruzika kama bomba bovu. Haikuwaka, Mungu mkubwa, ila mikono ilitetemeka mpaka jioni. Kubana mpira kunapunguza wingi wa mafuta yanayopita, presha bakuli likijaa inabaki ileile.

Njia mbili za halali:

Ya kwanza, pampu ya mekanika ya 22R. Pembeni mwa hedi mbele utaona bamba limefungwa kwa nati mbili, hapo ndipo inapokaa. Toa bamba, funga kamu kwenye gia ya kamshafti, weka pampu na gasketi. Sasa wengi wanasahau tanki: pampu ya injekta imo ndani ya tanki, na ile ya mekanika haiwezi kuvuta mafuta kupitia pampu iliyokufa. Fungua tanki, toa pampu ya zamani, weka paipu iliyonyooka yenye kichujio chini. Paipu ya marudio iache ifanye kazi, kwa joto letu hili la Tanga mafuta yakisimama karibu na injini yanachemka na kufanya mvuke, yakizunguka kurudi tanki yanapoa.

Ya pili, pampu ya umeme ya presha ndogo, ifunge chini karibu na tanki, zinasukuma vizuri kuliko kuvuta. Umeme usiutoe kwenye waya wa pampu ya zamani, kwenye 22R-E ule unaamrishwa na mita ya hewa uliyoitoa, hautapata moto. Na usiunganishe moja kwa moja na swichi, ukipata ajali injini ikizima pampu itaendelea kumwaga petroli. Tumia relei ya miguu mitano: 86 kwenye moto wa swichi, 85 kwenye waya wa swichi ya taa ya oili, 30 kwenye moto wa swichi wenye fyuzi, 87a kwenda pampu. Injini ikisimama, swichi ya oili inagusa ethi, relei inavuta, pampu inakata. Ongeza na batani ndogo ya kupitisha moto pembeni ya relei kwa ajili ya kujaza kabureta mara ya kwanza.

7. Distributa. Ya 22R-E ya kuanzia 1985 haina akili yake, taimingi inaamuliwa na kontroli boksi. Ukiiacha hiyohiyo gari inaweza kuwaka lakini itakuwa nzito kama imebeba machungwa ya Muheza gari nzima. Ndiyo maana unaweka ya 22R yenye vizito vyake ndani na kile kisahani cha vakyumu.

Zungusha injini kwa spana mpaka silinda namba 1 iwe juu kwenye mgandamizo, alama ya puli ikae sifuri na tapeti zote mbili za namba 1 ziwe zimelegea. Zikiwa zimebana umekosea mzunguko, zungusha tena duara moja. Meno ya gia yamelala, distributa ikishuka rota inajizungusha kidogo, kwa hiyo irudishe nyuma kiasi kabla hujaisukuma, ikikaa rota iangalie waya wa plagi namba 1. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Mpira wa vakyumu upeleke kwenye tundu la kabureta lililo juu kidogo ya bamba la trotoli, sio kwenye manifoldi.

8. Kabureta. Ifungue, ioshe, badilisha gasketi na sindano kwa zile za kwenye ripea kiti. Jeti usizitoboe kwa waya wa shaba wala pini, tundu likipanuka kidogo tu jeti imekufa. Mimi natumia kipande cha mshipi wa kuvulia samaki, unapita bila kukwaruza. Funga kwenye manifoldi, vuta kebo ya mafuta, mwambie mtu akanyage mpaka chini huku we unaangalia: trotoli ifunguke yote na irudi yenyewe yote. Inayogoma kurudi usiiwashe.

9. Waya mbili za kabureta. Aisan ina solenoidi ndogo pembeni inayotaka volti 12 swichi ikiwa wazi, isipopata gari inawaka ukikanyaga ila silensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inakufa. Choki ya umeme nayo inataka volti 12 za swichi, usiitoe kwenye koili.

10. Kuwasha. Jaza maji. Skrubu ya mchanganyiko izungushe ndani taratibu mpaka ikae, usikaze ncha itaharibika, kisha fungua mizunguko miwili. Skrubu ya silensi, toka inapogusa ongeza nusu mzunguko. Jaza kabureta mafuta, kagua kila klampu kwa macho na kwa pua. Tochi ndiyo, kiberiti hapana (msicheke, nimeona). Kanyaga mara mbili, stata. Mtu mmoja akae na mtungi wa moto mkononi.

11. Taimingi kwanza, tyuni baadaye. Ipashe moto mpaka choki ifunguke yote. Chomoa mpira wa vakyumu wa distributa uuzibe, silensi kama mizunguko 800 kwa dakika, weka taimingi digrii 5 kabla ya sifuri, kaza, rudisha mpira. Sasa mchanganyiko: zungusha skrubu ndani mpaka injini ianze kuyumba, rudi nje polepole mpaka itulie kabisa, shusha silensi kwa skrubu yake, rudia mara moja. Kwa Weber, ikitulia chini ya mzunguko mmoja jeti ya silensi ni kubwa, ikitaka zaidi ya miwili na nusu ni ndogo. Na ukijikuta umezungusha skrubu ya silensi zaidi ya mzunguko mmoja na nusu ndiyo gari isimame bila kuzima, acha kutyuni, kuna hewa ya wizi mahali.

12. Barabarani. Nenda Kange mpaka Pongwe urudi, bila mzigo. Ukirudi chomoa plagi uzisome. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta mengi. Nyeupe kama chokaa, hewa nyingi, hiyo usiendeshe mbali utatoboa pistoni. Uwazi wa plagi 0.8 mm, na kama hujagusa tapeti miaka mingi ziweke injini ikiwa ya moto, 0.20 za kuingiza na 0.30 za ekzosi, maana tapeti iliyobana nayo inaharibu silensi na watu wanaisingizia kabureta.

Ikikusumbua

*Silensi inapanda na kushuka au haishuki kabisa.* Hewa ya wizi. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji, puliza kidogokidogo pembezoni mwa manifoldi na chini ya kabureta, ukiweka mbali na distributa. Mlio ukibadilika, umepata. Kuna wanaopuliza petroli kwa kazi hii, usifanye.

*Ukikanyaga ghafla inasita kwanza.* Pampu ndogo ya ndani ya kabureta. Zima gari, chungulia mdomo wa kabureta, kanyagisha: lazima mshale wa mafuta utoke palepale. Kama hautoki, diaframu au tundu limeziba.

*Inapiga baruti kwenye kabureta.* Taimingi imechelewa, au waya za plagi umezichanganya, au mafuta kidogo. Ikipigia kwenye ekzosi ukiachia mafuta, kagua kwanza kama ekzosi inavuja kwenye maungio.

*Inanuka petroli, moshi mweusi.* Boya limetoboka au uchafu umekaa kwenye sindano. Toa boya ulitikise karibu na sikio, ukisikia mafuta ndani badilisha. Kama umefunga pampu ya umeme, pima presha, kuna zinazouzwa zimeandikwa za kabureta na sio.

*Ilikuwa nzuri, umeweka mafuta mahali fulani sasa inagonga mlimani.* Hayo yamechakachuliwa. Mwaga, weka mengine, usiguse taimingi.

*Inazima ukisimama juani, baada ya nusu saa inawaka.* Mvuke kwenye paipu. Sogeza mpira wa mafuta mbali na injini, hakikisha marudio hayajabanwa, na chini ya kabureta weka kile kipande kinene cha kuzuia joto.

*Tanga nzuri, Lushoto nzito.* Pale ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kabureta haina sensa ya kulijua hilo, inaendelea kumwaga mafuta ya pwani. Ukipanda mara moja kwa mwezi vumilia tu. Ukiwa unabeba mboga kila siku toka huko, shusha jeti kubwa kwa saizi moja au mbili uiache hivyo, ila ukishuka Mombo soma plagi tena maana huku chini inaweza kuwa nyeupe.

Vile vya injekta ulivyotoa, boksi, mita ya hewa, reli, weka vyote kwenye gunia kavu ndani ya nyumba, sio uani. Wapo walionirudia baada ya mwaka wakitaka virudishwe, na waliokuwa wameviuza kama skrepa hapo sikuwa na la kuwasaidia.